Wazee wa usuluhishi, ulizeni na kuhusu ulimi

Hivi karibuni nilihudhuria kikao cha ukoo kilichoitishwa kuisuluhisha ndoa ya ndugu yetu mmoja, na hasira niliyotoka nayo haijatulia hadi leo. Mke aliulizwa kama anapigwa, kama ananyimwa matumizi na kama mumewe ana mwanamke nje. Alipojibu hapana kwa yote, mwenyekiti akatamka kwamba hakuna kesi. Yule mama akajaribu kueleza kuwa mumewe humwambia mbele ya watoto na wageni kwamba kazi yake katika nyumba ile ni kula na kulala. Shangazi akamkatiza: "Hayo ni maneno tu, mwanangu. Mke ni kuwa na kifua."

Siyakubali hayo, na ninawaandikia wazee wetu kwa heshima yote.

Wanandoa wanaogombana kuhusu ada ya shule au ndugu waliojazana nyumbani bado wanahesabiana kuwa watu, kwani kila mmoja anahangaika kumshawishi mwenzake kwa sababu rai yake ina thamani. Mwenye dharau amekwisha kuvuka hapo. Husonya mwenzake anapozungumza, humjibia maswali aliyoulizwa yeye, humsahihisha mbele ya wageni, na akilalamikiwa husema alikuwa anatania. Anayetendewa hivyo hujifunza kunyamaza, na wazee huusifu ukimya huo kuwa uvumilivu, ilhali ndani yake kinyongo kinaweka kumbukumbu ya kila neno, siku lililosemwa na nani alicheka. Watoto nao wanasikia. Nimemwona mtoto wa darasa la tatu akimjibu mama yake kwa sauti ileile ya baba, na hakuna aliyemkemea.

Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman, aliyechunguza kwa miongo kadhaa namna wanandoa wanavyozungumza, alieleza mienendo minne inayobomoa ndoa: lawama, dharau, kujitetea na kumgomea mwenzako kwa kimya. Kati ya hiyo minne, dharau ndiyo aliyoiona kuwa dalili kubwa kuliko zote ya talaka.

Sheria yetu nayo haikungoja. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataja ukatili wa kiakili sambamba na ule wa kimwili miongoni mwa mambo yanayoweza kuithibitishia mahakama kwamba ndoa imevunjika. Na kuhusu hilo la kula na kulala, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Ni kweli kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu nyingine zilizomhusu, lakini msingi ule ulibaki na umewanufaisha wanawake wengi waliomfuata. Inakuwaje basi jambo linalotambuliwa na majaji likataliwe kwenye mkeka wa ukoo?

Nakiri kwamba wanawake nao wana ulimi. Aliyeachishwa kazi akaitwa mwanaume suruali ndani ya nyumba yake anaumia vilevile, na yeye hata kikao haitishi. Nakiri pia kwamba vikao hivi vimeziokoa ndoa nyingi, tena bila gharama ya wakili. Ndiyo maana uzito wake unanitia wasiwasi: mwanamke aliyeambiwa na ukoo wake kwamba hana kesi huona haya kwenda kwenye baraza la usuluhishi la kata au la dini, ambako kwa kawaida sheria inamtaka apite kabla ya kufungua shauri la talaka, na hivyo mlango wa kwanza ukifungwa, mingine yote imefungwa.

Kwa hiyo ombi langu ni la swali moja, liulizwe kwa mume na kwa mke, kila mmoja peke yake, bila mawifi wala shemeji kuwapo: mwenzako hukuitaje mnapokuwa mbele ya watu? Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kama yanavyoandikwa ya kipigo na ya matumizi, na aliyetukana atakiwe kuomba radhi mbele ya watu walewale waliomsikia akitukana, watoto wakiwemo.