Wafaransa wasalimie kwanza

Kwenye mahojiano yenu kuna dogo anasema watu wa Lyon, mji wa huku Ufaransa, wana maringo, mi nasoma hapahapa na naona shida ni salamu tu, ukiingia dukani au ukipanda basi kimyakimya wananuna, salimia kwanza uone. Kilichonichosha ni Jumapili aisee, maduka mengi yanafungwa, usiponunua mahitaji Jumamosi imekula kwako. Mihogo na ndizi za kupika fuata mtaa wa Guillotière, utakutana hadi na Wakongo wa Bukavu wanachapa Kiswahili chao. Ila kupata chumba mh! mwenye nyumba anataka mdhamini mwenye kipato hukohuko Ufaransa, sasa mjomba wako wa Mbeya ataingiaje hapo? Ombeni Visale mapema jamani, ni dhamana ya bure kabisa, unajaza mtandaoni.