Zagori: Barabara Imeviokoa Vijiji, Lakini Safari ya Siku Moja Haivilishi

Hadi mwaka 1973, aliyetaka kufika Vradeto, kijiji kilicho juu kuliko vyote vya Zagori, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, alipanda kwa miguu ngazi ya mawe iliyojengwa ikizunguka ukingoni mwa genge. Mizigo ilibebwa na nyumbu. Leo mtu huondoka mji wa Ioannina asubuhi kwa gari la kukodi, akakata kona za barabara ya kijiji cha Papingo, akasimama kwenye genge la Oxya kulichungulia korongo la Vikos, akapiga picha madaraja mawili matatu, na jioni amesharudi mjini.

Wapo wanaoona safari za namna hii zinavimaliza vijiji hivyo. Wengine wanasema bila magari hayo vingekuwa magofu. Ubishi huu umepata uzito zaidi tangu Septemba 2023, UNESCO ilipoiingiza Zagori katika Urithi wa Dunia.

Wanaotetea barabara wana hoja nzito. Vijiji kadhaa vilichomwa moto na Wajerumani mwaka 1943, kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vijana wakahamia Athens na Ujerumani, shule zikafungwa. Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe na kuezekwa kwa mawe bapa, na paa kama hilo ni zito na gharama yake ya kukarabati ni kubwa. Mrithi anayeishi Athens angelikarabati kwa faida gani kama hakuna mgeni wa kulala chini yake? Barabara kuu ya Egnatia, iliyokamilika 2009, iliwaondolea wasafiri wa kutoka Thessaloniki adha ya kuvuka mlima kwa njia ya Katara, iliyokuwa ikisumbuliwa na theluji kila mwaka.

Tena wanaolilia Zagori ya zamani isiyoguswa na wageni wanasahau ilivyojengwa. Chini ya Waosmani, yaani dola ya Kituruki, ilikuwa na haki ya kujiendeshea mambo yake kwa kulipa kodi, na wanaume wake walikwenda kufanya biashara Romania, Urusi na Misri. Pesa za safari ndizo zilizojenga majumba tunayoyapenda leo.

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa wenye wasiwasi. Msafiri wa zamani alikuwa mwenyeji, na pesa yake iliganda pale kijijini. Daraja la Kokkoros karibu na kijiji cha Kipoi lilijengwa mwaka 1750 kwa fedha za Noutsos, mtu wa Vradeto. Lile la matao matatu, Plakidas, lilijengwa kwa mawe mwaka 1814 kwa fedha za mkuu wa monasteri ya jirani. Anayepita leo kwa muda wa saa sita tu huacha bei ya kahawa na kipande cha pai, na mwezi wa Agosti huacha pia foleni ya magari kwenye vichochoro vilivyotengenezwa kwa ajili ya nyumbu.

Na kuna mengi asiyoyaona. Juu ya vijiji kuna misitu mitakatifu, ambayo wenyeji waliilinda kwa karne nyingi ili mlima usiporomoke juu ya nyumba zao. Aliyekata mti alitishiwa kutengwa na Kanisa. Ukiwa nyuma ya usukani, ni kichaka tu kati ya vichaka. Mtu anahitaji kushuka, kuketi chini ya mchenari wa uwanjani na kumuuliza mzee kwa nini mialoni ile mikubwa haikukatwa kuwa kuni.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuyapiga marufuku magari. Wanaoishi huko mwaka mzima wanaihitaji lami kufika hospitalini Ioannina. Kinachopaswa kubadilika ni mpango wa safari: magari ya wageni yaegeshwe nje ya kijiji, na badala ya kukimbilia vijiji vitano kwa siku, mgeni achague kimoja alale siku mbili tatu. Afadhali zaidi akienda Novemba au Februari, miezi ambayo mwenye nyumba ya wageni hulazimika kuamua kama afunge na kuteremkia mjini au awashe jiko la kuni na kubaki.