Kulea Mbwa Kampala: Hesabu ya Mchana, Hesabu ya Usiku

Rafiki yangu anafanya kazi benki hapa Kampala, na anataka kuacha ajira afungue kituo cha kulea mbwa mchana. Wenye mbwa wangewaacha asubuhi wakienda kazini na kuwachukua jioni. Amenipa hesabu zake nizipitie, na ameomba nimwambie ukweli.

Kwa kuzitazama tu, zinavutia. Nyumba yenye ua mpana upande wa Kira kaiwekea kodi ya shilingi milioni 2.5 kwa mwezi. Wafanyakazi watatu, kila mmoja 400,000. Mchango wa mwajiri kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ambao tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022 unamhusu hata mwenye mfanyakazi mmoja, ni 120,000. Maji, umeme, sabuni na daktari wa mifugo, 700,000. Jumla ni 4,520,000. Akitoza 25,000 kwa siku, mbwa anayekuja siku 22 ataleta 550,000 kwa mwezi. Mbwa tisa tu, na gharama zimerudi.

Lakini tazama tena hiyo 550,000. Inazidi mshahara anaotaka kumlipa mfanyakazi wake mwenyewe. Kwa nini mtu alipe pesa hiyo, wakati kwa pungufu ya hapo anapata shamba boi atakayemlisha mbwa, kumwagilia maua, kuosha gari na kufungua geti? Kima cha chini cha mshahara Uganda bado ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, kwa hiyo malipo ya kazi za nyumbani ni maelewano tu, na kwa kawaida huwa madogo. Linaniuma kama suala la haki, ila kwenye hesabu hizi halikwepeki: mshindani wa kituo hiki ni yule kijana wa pale nyumbani. Isitoshe, mbwa wengi wa Kampala ni walinzi. Mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa. Mwenye mbwa wa namna hiyo anataka mbwa wake alale mchana, si achezeshwe hadi achoke.

Wateja wapo, nisiseme hawapo. Wako kwenye maghorofa ya Bugolobi, Naguru na Kololo, watu wasio na ua, wanaotoka alfajiri kuukimbia msongamano na kurudi usiku. Hofu yangu ni kwamba wengi wao wataleta mbwa mara mbili kwa wiki. Hapo kila mbwa analeta 200,000 kwa mwezi, na ili kufidia gharama zilezile wanahitajika 23 badala ya tisa. Kuwategemea wageni wa mashirika ya misaada nako kumekuwa hatari zaidi tangu Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, mwaka 2025.

Na kuna gharama ambayo hakuiandika kabisa: ugonjwa. Kirusi cha parvo, kinachoua watoto wa mbwa, hukaa udongoni kwa miezi mingi. Jiki hukiua kwenye saruji, lakini kwenye nyasi haisaidii sana. Mtoto mmoja wa mbwa asiyechanjwa anaweza kukufungisha kituo kwa wiki kadhaa, huku kodi na mishahara vikiendelea. Kwa hiyo sakafu ya saruji, mifereji na chumba cha kumtenga mgonjwa lazima viwemo kwenye mtaji wa mwanzo, na kadi ya chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, isomwe getini kabla mbwa hajaingia.

Sasa geuza karatasi uangalie usiku, yaani mbwa kulala kituoni wenyewe wakisafiri. Desemba familia hufunga safari kwenda Mbarara, Mbale, Gulu. Shamba boi naye anataka kula Krismasi kwao. Yule aliyekuwa mshindani mwezi mzima hayupo, na mbwa yupo. Mbwa 20 wakilala usiku 14 kwa 50,000 kila usiku, hizo ni milioni 14, yaani gharama za miezi mitatu. Pasaka hurudisha kidogo ya hali hiyo, na likizo za shule pia. Kwangu mimi biashara iko hapa, na ulezi wa mchana uwe wa kujazia wiki zilizo tupu.

Ndiyo maana sikubaliani naye kukopa. Anajua kuliko mimi kwamba riba ya mikopo ya shilingi mara nyingi hukaribia asilimia 20, na banda linalojaa kwa misimu haliwezi kulipa rejesho la kila mwezi. Mama yake ana kiwanja chenye ukuta Mukono, hakilipiwi kodi. Nimemshauri asiache kazi, ajenge vibanda sita pale, apokee mbwa Desemba hii, na aandike kila shilingi. Kabla ya hapo azungumze na majirani. Kelele za mbwa usiku si jambo dogo, na jirani wa ukuta mmoja ni Mwislamu mwenye watoto, ambaye mate ya mbwa kwake ni najisi. Geti la kupokelea mbwa inabidi liwekwe upande wa pili.