Nunua Shingo, Chonga Tumbo

Wiki iliyopita kijana mmoja anayepiga gita kwenye kwaya ya kanisani kwao alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika tatu za mwanzo zilikuwa salamu na habari za fundi seremala wa mtaani kwao, ambaye amemhakikishia kwamba gita "ni kabati tu lenye nyuzi". Swali lilikuja mwishoni: "Sasa kaka, ninunue au nichongeshe?"

Analotaka ni gita la umeme la nusu-tumbo. Kwa asiyelijua, ni lile lenye kifua kipana na matundu mawili ya herufi f kama fidla, ambalo ukichungulia ndani hukuti chumba kimoja kitupu. Katikati, kuanzia shingoni hadi kitakoni, limepita gogo, na uwazi uko mbavuni tu. Gita kavu lina tumbo zima, gita la ubao mmoja halina tumbo kabisa, na hili liko kati yao.

Gogo hilo halikuwekwa kwa urembo. Baba yangu mdogo alipiga rhythm kwenye bendi za dansi, na gita lake lilikuwa tupu ndani kama mtungi. Kwenye ukumbi mdogo lilikuwa asali. Spika zikifunguliwa sawasawa, linaanza kunguruma lenyewe kabla hajaligusa. Sauti inatoka kwenye spika inatikisa uso wa gita, uso unatikisa nyuzi, nyuzi zinairudisha sauti kwenye spika, na mzunguko haukatiki mpaka mtu akimbilie kitufe. Mafundi mitambo wanaita fidibeki. Baba mdogo alikuwa anasema "ng'ombe kaingia". Dawa yake ilikuwa kanga kuukuu ya mama mdogo, iliyosokotwa na kushindiliwa kwenye matundu yote mawili, pindo likiwa linaning'inia nje. Tuliokuwa watoto tulidhani ni mtindo. Nilipokuja kusoma kwamba kampuni ya magita ya Gibson ya Marekani walipotoa gita la Lucille la mpiga blues B.B. King mwaka 1980 waliliziba kabisa, bila hata tundu moja la f, nilimkumbuka mama mdogo na kanga yake.

Gibson ndio walioleta mchanganyiko huu sokoni mwaka 1958, kiwandani kwao Kalamazoo, jimbo la Michigan, kampuni ikiwa chini ya Ted McCarty. Gita lenyewe ni ES-335. Walipitisha gogo la mti wa mepo (maple) katikati, fidibeki ikapungua, na mbavu zikabaki na hewa ya kutosha kulainisha sauti. Uso wake na mgongo wake si ubao wa maana, ni matabaka membamba yaliyogundishwa na kukandamizwa kwenye kalibu mpaka yakapinda. Ndiyo, plaiwudi. Leo watu wanatoa dola 3,000 na ushee kwa plaiwudi, na wakilipiga hawajuti.

Miaka kama 17 kabla ya hapo mpiga gita Mmarekani Les Paul alikuwa ameshachukua mhimili wa msonobari wa inchi nne kwa nne, akaufunga shingo na nyuzi, na gita likalia vizuri tu. Watu hawakulielewa. Akapasua gita la Epiphone katikati, akabandika nusu huku na nusu kule ili lionekane gita, na mwenyewe alisimulia kuwa hapo ndipo walipolikubali. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kila kijana anayetaka kuchonga gita huanza na mbavu: umbo, rangi, matundu ya f. Kazi yenyewe iko kwenye uti wa mgongo.

Najua kwa sababu nilianza na mbavu.

Miaka sita iliyopita nilimpelekea fundi mmoja pale Keko picha ya ES-335 niliyoichapisha kwa ukubwa wake halisi, vipande vinne vya karatasi vimeungwa kwa selotepu. Fundi hodari kweli, vitanda vyake havipigi kelele. Tukachagua mninga. Mbao na ufundi vilinitoka kama shilingi 350,000. Pikapu mbili (si zile za kubebea matofali, ni hizi sumaku zenye waya zinazokaa chini ya nyuzi), briji (daraja linalobeba nyuzi juu ya tumbo) na vikaza nyuzi, 280,000 mpaka vinafika mkononi. Waya wa freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), gundi, swichi na usafiri sikuandika, maana nilikuwa bado nina furaha. Jumla ilivuka laki nane.

Tumbo lilitoka zuri. Shingo ndiyo iliyotuua.

Freti hazipangwi kwa jicho. Unachukua urefu wa uzi kutoka nati (kile kipande chenye mitaro ya nyuzi kule kichwani mwa shingo) hadi briji, unagawa kwa 17.817, unapata mahali pa freti ya kwanza. Unachukua kilichobaki, unagawa tena kwa namba hiyohiyo, unapata ya pili, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Kwa gita la Gibson urefu ni inchi 24.75, karibu milimita 628.7. Freti ya kwanza inakaa milimita 35.3 kutoka nati, ya pili milimita 33.3 mbele yake, na ya kumi na mbili inaangukia katikati kabisa. Ukifika ya ishirini, nafasi imebaki milimita kumi na mbili tu. Fundi wangu alikuwa anapima kwa futi ya kujikunja, penseli yake nene kama kidole cha mtoto.

"Fundi, hapa umezidisha kidogo."

"Kiasi gani?"

"Kama milimita moja."

Akacheka kwa upole, kama mtu mzima anayemwonea huruma mtoto. "Bosi, milimita moja hata kwenye kabati la nguo haionekani."

Haionekani, ila inasikika. Milimita moja kule juu kwenye freti ya ishirini ni karibu sehemu ya kumi na mbili ya hatua kati ya noti na noti. Ukipiga peke yako chumbani unaweza kujidanganya. Ukiingia na kinanda, kila mtu ukumbini anajua kuna mgonjwa. Na ile shingo haikuwa na chuma ndani, ile fimbo inayokazwa kwa spana ndogo ili kuvutana na nguvu za nyuzi. Masika yakaingia, unyevu wa Dar ukafanya kazi yake, shingo ikapinda kama upinde. Nyuzi zilinyanyuka mpaka niliweza kupitisha kalamu ya Bic chini yake. Lile gita sasa liko sebuleni kwa dada yangu, na wageni wanalisifia sana.

Hapa ndipo watu hunitajia Brian May, mpiga gita wa bendi ya Queen ya Uingereza. Na kweli, ukitaka kumtetea mchongaji, shahidi bora kuliko huyo hayupo. Alikuwa kijana wa shule mwaka 1963 yeye na baba yake walipoanza kuchonga gita nyumbani, kazi iliyochukua kama miaka miwili. Shingo ilitoka kwenye mbao ya mahogani ya meko la zamani, yenye matundu ya wadudu waliyoyaziba kwa njiti za kiberiti. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki. Ncha ya mkono wa kutetemeshea nyuzi ni sindano ya kufumia. Watu wengi hawajui kuwa gita hilo, Red Special, nalo ni nusu-tumbo, lina uwazi ndani na gogo la mwaloni katikati. Gharama inayotajwa ni pauni 8. Ndilo alilosimama nalo miaka yote pembeni ya mwimbaji wao Freddie Mercury, mtoto wa Unguja, aliyezaliwa pale 1946. Kwa hiyo sauti ya gita la kuchonga nyumbani tunaweza kujisikia ndugu nayo kidogo.

Lakini tumalize kisa. Baba yake Brian, Harold, alikuwa mhandisi wa elektroniki. Hesabu za freti zilipigwa na watu waliozoea hesabu. Na pikapu walizosokota wenyewe hazikumridhisha Brian, akaenda kununua za kampuni ya Burns. Hata yule anayetolewa mfano wa kuchonga kila kitu alifika mahali akaingia dukani.

Basi tununue? Kwa mtu ambaye Jumamosi ana kazi ya kumlipa, ndiyo, na asipoteze muda. Epiphone, walio chini ya Gibson, wana ES-335 yao ambayo kwao huuzwa kama dola 600. Ibanez wana Artcore zao. Wajerumani wa Thomann wanauza Harley Benton za umbo hilo chini ya euro 300. Ongeza usafirishaji, ushuru, VAT ya asilimia 18, na simu za "mzigo wako uko njiani" ambazo hazina bei. Langu la kununua, lililotengenezwa Asia, lilifika mkononi kwa milioni 1.1. Fanya hesabu: hilo linapigika, na lile la laki nane na kitu ni pambo la dada.

Ukilinunua kwa mtu, usiangalie rangi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho kwa pamoja, kisha chungulia katikati ya shingo: uwazi kati ya uzi na freti uwe kiasi cha unene wa karatasi ngumu, si wa kalamu. Zungusha kila kitasa cha sauti usikie kama kinakwaruza, maana kwenye nusu-tumbo hakuna mlango wa nyuma. Kubadilisha kitasa kimoja lazima utoe mitambo yote kupitia tundu la f, na kuirudisha ni kufunga uzi wa cherehani kwenye kila kitasa, kuupitisha kwenye tobo lake na kuvuta taratibu kama anayevua samaki kwenye chupa. Mimi nilitumia saa tano, na katikati ya kazi nati moja ikadondokea ndani. Bado imo. Inalia tukipiga sebene.

Msimamo wangu kwa hiyo ni wa nusu-nusu kama gita lenyewe: shingo inunuliwe, tumbo lichongwe. Fundi seremala wetu anaweza tumbo kuliko tunavyomsifia, na shingo ni kumwonea. Ukikubali hivyo, achana na ES-335, kwa sababu shingo yake imegundishwa na uso wake unahitaji kalibu. Fuata njia ya Fender, kampuni nyingine ya Marekani. Mwaka 1968 walitoa Telecaster Thinline, kazi ya Mjerumani Roger Rossmeisl: ubao wa kawaida, umechimbwa vyumba ubavuni ili upungue uzito, ukafunikwa, tundu moja la f, na shingo imeshikwa kwa skrubu nne. Hiyo ni useremala, haihitaji kiwanda.

Shingo yangu niliinunua 80,000 kutoka kwenye gita la bendi moja lililokanyagwa na gari baada ya shoo. Tumbo lilikuwa vipande vitatu, shingo haina hata mkwaruzo, chuma chake kinakaza na kulegeza. Safari hii nilichukua mkangazi, mbao iliyokaa miaka ghalani, si ya juzi. Gogo la kati tuliacha sentimita tisa. Mbavu fundi alizichimba kwa drili kwanza, tobo baada ya tobo, halafu patasi, na kila baada ya muda analigonga kwa kidole na kutega sikio. Mwanzo lilijibu kama meza. Kufikia saa kumi jioni lilikuwa linajibu kama mlango wa chumba kisicho na mtu, fundi akaweka patasi chini bila kuambiwa.

Kazi ya kukata roho ilikuwa moja tu, lile shimo la kukalishia shingo. Tulilikwangua kwa msasa hadi shingo ikaingia kwa kusukumwa, na ukiishika juu bila skrubu hata moja, gita zima linanyanyuka. Mahali pa briji hatukutumia futi. Tulivuta uzi wa cherehani kutoka nati hadi freti ya kumi na mbili, tukaugeuzia upande wa pili, palipoishia ndipo briji ilipokaa. Vitasa vya sauti ni mpingo, mabaki ya wachongaji wa Mwenge. Jumla, na pikapu zilezile nilizozing'oa kwa dada, 310,000.

Halilii kama ES-335, nisikudanganye. Linang'ata zaidi, lina ukali wa juu, na kwa solo za taratibu bado nachukua lile la Asia. Kwa rhythm ya dansi, ile ya kukatakata, hata mpiga besi wetu, ambaye hajawahi kusifia kitu, aliuliza bei.

Kijana nilimjibu kwa ujumbe wa sauti mfupi kuliko wake. Nilimwambia asimlipe fundi hata shilingi kwanza. Aende stoo ya kanisa aulize kama kuna gita bovu, kwa sababu kila stoo ya kanisa ina gita bovu. Jana kanijibu. Lipo, shingo nzima, limefunikwa na mabango ya mkutano wa injili. Ila mwenyekiti wa kwaya anataka barua.