Ndiyo, nilimwambia bibi wa watu kuwa mimi ni mtamu

Yule Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja anaongeza chumvi. Kama mmeshasikiliza sauti yake ya dakika nne kule kwenye grupu, ifuteni. Sikumshika bibi mkono. Sikumkonyeza. Maneno niliyatamka, hilo sibishi, ila nisikilizeni na mimi mwenye aibu yangu.

Mnajua niko Kaunas, Lithuania, na mnajua Kilithuania kimenitesa. Neno moja linabadilisha mkia mara 7 kutegemea lina kazi gani kwenye sentensi. Basi mimi nikaamua nijifunze ya mezani tu, maana kwenye chakula sijawahi kushindwa.

La kwanza ni "skanaus". Unawatakia watu chakula chao kiwe kitamu. Kwetu anayekula ndiye husema "karibu", na uliyewakuta unajibu "asante, endeleeni", au unatania kwamba mama mkwe wako anakupenda huku unavuta kiti. Huku ni kinyume. Asiyekula ndiye anakutakia, halafu anaenda zake. Mimi miezi ya mwanzo, kwenye jiko la bweni, kila aliyeniambia "skanaus" nilidhani ana njaa. Nimegawa wali wangu sana, jamani. Kuna binti alikula nusu sahani kwa adabu tu, na mpaka leo akiniona kwenye korido anakumbuka kitu chumbani.

La pili ni "skauda", yaani inauma. Hilo sikulitafuta, nilifundishwa na jino mwezi wa kwanza. Liwekeni akilini, tutalihitaji.

Jumapili tukaalikwa kijijini kwa bibi wa mwanafunzi mwenzetu. Kwenye basi nikafanya mazoezi njia nzima: "Skanaus visiems", chakula chema kwenu nyote. Mkenya akasema niko vizuri. (Huyu huyu. Mkumbuke.)

Nikaenda kunawa mikono. Kurudi, nakuta wote wameshakaa: bibi, babu, wazazi, shangazi, na Mkenya kashajisogeza karibu na sufuria. Wakanigeukia. Nikajua hii ndiyo nafasi yangu. Nikasimama wima, nikafungua mikono kama mchungaji anayebariki, na kwa sauti ya kufika zizini nikasema:

"SKAUDA VISIEMS!"

Yaani: wote wanaumwa.

Kimya. Kijiko cha shangazi kikabaki hewani. Mimi natabasamu. Bibi akaweka mwiko chini polepole, akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa, akauliza, "Kur skauda?"

Hapo nilisikia "kur" tu, yaani wapi. Nikaona, ehee, ananiuliza nitakaa wapi. Mgeni wa heshima hachagui mahali, lakini kiti kimoja tu kilikuwa kimebaki, na kilikuwa nyuma yangu. Nikapeleka mkono nyuma, nikakielekeza, nikasema kwa furaha, "Čia!" Hapa.

Rudieni hiyo taratibu. Bibi wa watu ameniuliza panauma wapi. Nami mbele ya familia nzima nimeonyesha makalio.

Mkenya ameshaingiza uso kwenye kitambaa cha meza. Mabega yanacheza. Hatafsiri!

Bibi akainuka, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Nikaona mapokezi gani haya, basi nikamshukuru: "Ačiū". Sasa kwa wasiojua, "ačiū" inatamkwa "achuu", na babu hasikii vizuri. Babu akadhani nimepiga chafya. Akaitikia kutoka mwisho wa meza, "Į sveikatą!", yaani kwa afya. Bibi akahesabu: makalio yanauma, sasa na mafua. Nikapelekwa kwenye kochi. Nikafunikwa blanketi. Nilikuwa nusu ya kikombe cha chai ya mitishamba mwenyeji wetu alipopata pumzi ya kueleza.

Walicheka mpaka shangazi akatoka nje. Hapo ingeishia ningepona.

Lakini kulikuwa na cepelinai. Ni viazi mviringo vibichi vinavyokwaruzwa, vinakamuliwa maji, vinafinyangwa kuzunguka nyama ya kusaga, halafu vinachemshwa. Jina limetokana na yale madude ya kuruka ya Wajerumani, Zeppelin, na ukiyaona sahanini unaelewa kwa nini. Juu yake kitimoto iliyokatwa vidogo vidogo ikakaangwa, na krimu chachu. Moja linamtosha mtu aliyetoka kulima. Bibi aliniwekea mawili, nikayamaliza kwa heshima ya taifa. Akaja na la tatu.

Nimeshiba ni "aš sotus". Nalijua. Hata sasa hivi nalijua. Lakini kichwani "skanaus" ilikuwa bado inatafuta pa kutokea tangu saa saba mchana, na mtamu ni "skanus". Nikashika tumbo kwa mikono miwili, nikalisugua, nikamtazama bibi machoni, nikamwambia taratibu ili asikosee kunielewa:

"Ačiū. Aš labai skanus."

Asante. Mimi ni mtamu sana.

Babu, asiyesikia kitu tangu asubuhi, hilo alilisikia. Aliweka uma chini. Akamtazama mkewe. Akanitazama mimi, juu mpaka chini, kama mtu anayepima. Kisha akanyanyua glasi yake: "Į sveikatą!"

Yaliyobaki si muhimu. Nililila na la tatu, tukapewa chupa za matango ya chumvi, basi likaja, na kabla hatujafika Kaunas sauti ya dakika nne ilishawafikia nyie wote, pamoja na dada yangu aliyeko Moshi ambaye sasa ananiita Mtamu.

Leo asubuhi bibi ametuma salamu kupitia mjukuu wake. Anauliza kama bado panauma. Nimeandika neno moja tu ninaloliamini: "Ačiū". Amejibu, "Į sveikatą". Sijui ni ya chakula au ya chafya, na Mkenya simuulizi.