CT scan ya kichwa kwa mtoto aliyeanguka: mionzi inaogopwa, kuchelewa nako kunaua

Aprili 2025 jarida la JAMA Internal Medicine lilitoa makadirio yaliyowagawa wataalamu: CT scan (picha za kina za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mionzi ya eksirei) milioni 93 zilizopigwa Marekani mwaka 2023 zinaweza kuja kuzaa saratani kama 103,000. Madaktari wa radiolojia wa huko walipinga, wakisema hiyo ni hesabu ya makadirio tu, na haikuweka kwenye mizani watu waliopona kwa sababu ya picha hizo. Wao wanabishana kwa kuwa picha zimezidi. Sisi Moshi tunaingia kwenye ubishi huohuo tukiwa ndiyo kwanza tunatoka kwenye uhaba.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kilimanjaro aliyehitaji picha ya kichwa alitegemea hospitali ya rufaa ya KCMC, hapa Moshi. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa mwaka 2021, ule wa shilingi trilioni 1.3, ulisaidia kununua CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Ni hatua kubwa. Ila mashine ikishakuwa jirani, daktari anaandika kipimo upesi zaidi, mzazi naye anakidai, na hospitali iliyo na mashine inahitaji mapato.

Kuna wagonjwa ambao mjadala huu hauwahusu kabisa. Dereva wa bodaboda aliyegongwa Njiapanda ya Himo bila helmeti, hajitambui, apigwe picha sasa hivi. CT scan ya kichwa cha mtu mzima ni kama milisiveti 2 (kizio cha kupimia mionzi), na wastani wa mionzi ya asili anayopata mtu duniani kwa mwaka ni 2.4. Damu inayojikusanya ndani ya fuvu haitamsubiri mtu apige hesabu hizo.

Kazi ipo kwa mtoto. Tuseme ni wa miaka sita, kaanguka kutoka kwenye mwembe huko Pasua, kalia, katapika mara moja, na sasa anaomba soda. Utafiti wa Ulaya uitwao EPI-CT, uliofuatilia watu karibu milioni moja waliopigwa CT scan utotoni au ujanani, ulikadiria mwaka 2023 kwamba katika kila watoto 10,000 wanaopigwa picha moja, mmoja au wawili watapata saratani ya damu ndani ya miaka 12 kwa sababu ya picha hiyo. Ni wachache mno kwa mama mwenye mtoto mmoja mapajani. Kwa mkoa mzima unaopiga picha kila siku, si wachache.

Upande wa pili una ushahidi wake. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliofuatilia watoto 42,412 walioumia kichwa walitoa kanuni ya PECARN, ya kuamua nani apigwe picha na nani asipigwe. Mtoto wa miaka miwili na kuendelea ambaye yuko timamu, hakuzimia, hakutapika, hana maumivu makali ya kichwa wala dalili za fuvu kuvunjika chini, na hakuumia kwa kishindo kikubwa, hahitaji picha. Mwenye dalili moja, kama huyu wetu aliyetapika, mara nyingi anaweza kuangaliwa kwa saa kadhaa kwanza.

Kuangaliwa na nani, sasa? Kanuni hiyo ilitungwa penye kitanda cha kumlaza na muuguzi wa kumpitia mara kwa mara. Mama anayeishi juu Marangu, usiku, bila usafiri, akiambiwa "mwangalie nyumbani, akibadilika mrudishe", amepewa kazi ya muuguzi bila gari la wagonjwa. Kwa familia hiyo ningekubali picha ipigwe mapema kuliko ambavyo kanuni inashauri. Kwa anayekaa dakika kumi kutoka hospitali, nisingekubali. Ndiyo maana fomu ya kipimo iliyoandikwa "CT kichwa" na saini tu inanikera: haisemi daktari anatafuta nini, wala kwa nini kusubiri hakufai.

Tena mionzi ya mashine moja si ile ya nyingine. Hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, iligundua mwaka 2009 kwamba wagonjwa 206 walikuwa wamepewa takriban mara nane ya dozi ya mionzi iliyokusudiwa, kwa miezi 18. Mipangilio ya mashine ilikuwa imebadilishwa, na tatizo liligunduliwa baada ya mgonjwa kunyonyoka nywele. CT scan ya kisasa huonyesha dozi kwenye skrini. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hukagua mashine na kutoa vibali, lakini mkaguzi hakai chumbani kila siku. Dozi ya kila mtoto ingeandikwa kwenye ripoti, mipangilio ya watu wazima ikitumika kwake ingeonekana siku hiyohiyo.

(Wazazi wengi huuliza kitu kingine: aproni ya madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi. Kwenye eksirei ya kawaida, tangu 2021 baraza la Marekani la kinga ya mionzi, NCRP, linashauri isivalishwe kiunoni kila mara. Inaweza kuziba sehemu inayotafutwa, au kuifanya mashine iongeze mionzi yenyewe. Mtaalamu asipoivalisha hajafanya uzembe, ila aeleze.)

Halafu picha isomwe. Picha iliyopigwa saa nane usiku ikasubiri daktari wa radiolojia hadi mchana imempa mtoto mionzi bila kumpa jibu kwa wakati. Hapo wauzaji wa akili mnemba wana hoja: programu zinazotambua damu kichwani husogeza picha ya hatari mbele ya foleni. Lakini tuangalie zimefundishwa kwa vichwa vya nani. WHO ilipokubali mwaka 2021 programu za kusoma eksirei za kifua kutafuta TB, ilizikubali kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Hospitali inayouziwa programu ya kichwa ianze kwa kuuliza umri wa wagonjwa iliojaribiwa kwao, kabla ya bei.