Gomesi ya dola 5: modi za kulipia zinajenga au zinabomoa?

Tangu Oktoba 18, 2022, mchezo wa kompyuta wa The Sims 4, ambamo unaendesha maisha ya wahusika, wenyewe hupakuliwa bure. Kijana wa Ntinda au wa Arua, huku Uganda, mwenye laptopu na bando anaweza kuuweka leo bila kumlipa mtu. Lakini akitaka mhusika wake avae gomesi, gauni la heshima la wanawake wa Uganda, siku ya kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, hataikuta ndani ya mchezo. Lazima itoke kwa mashabiki wanaotengeneza nguo, nywele na samani na kuzitoa kama faili za nyongeza, yaani modi. Siku hizi faili nyingi za namna hiyo, hasa zile zinazopendeza kwenye picha, zimefungiwa Patreon, tovuti ya kuwachangia watengenezaji, na ufunguo wake ni malipo ya kila mwezi. Kwa mtengenezaji mmoja, dola 5 ni kama shilingi 18,000. Fuata kumi, na kila mwezi unatoa shilingi 180,000 kupamba mchezo ambao haukukugharimu chochote.

Watu wengi wanaogombana juu ya jambo hili huchanganya vitu viwili. Kuna kutanguliza: anayechangia anapata faili leo, na baada ya wiki mbili au tatu faili hiyohiyo inafunguliwa kwa wote. Halafu kuna kufunga moja kwa moja: usipolipa, huipati kamwe. EA, kampuni yenye mchezo, ilipofafanua upya kanuni zake mwaka 2022 ilisema modi haziuzwi, wala hazikodishwi. Matangazo na michango vinaruhusiwa, na mtengenezaji anaweza kuwatangulizia wachangiaji kwa muda wa kiasi, mradi mwishowe kila mtu aipate faili bure. Kufunga moja kwa moja, basi, ni kinyume cha kanuni, hata kama wapo wanaoendelea kufanya hivyo. Tatizo la maneno "muda wa kiasi" ni kwamba hayana tarehe. Mmoja anayasoma kuwa siku 14, mwingine miezi sita.

Kabla ya kuwalaumu watengenezaji, tuitazame kazi yenyewe. Gomesi ina shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, na mshipi mpana unaofungwa juu ya nyonga huku ncha zake zikining'inia mbele. Anayetaka kuiingiza kwenye mchezo huanza na Sims 4 Studio, programu ya bure. Anachagua gauni refu lililomo ndani ya mchezo, analinakili, anatoa meshi yake, yaani umbo lake la 3D, na kulipeleka Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D. Kuchora mabega na mshipi ni sehemu nyepesi. Kazi ngumu ni kuiambia kila nukta ya meshi ifuate mfupa gani wa mwili. Gauni na mshipi ni tabaka mbili. Nukta za gauni zikifuata paja na zile za mshipi zikifuata nyonga, mhusika akikaa tu mshipi unazama ndani ya kitambaa na kutokezea upande wa pili. Dawa yake ni kuhamisha uzito wa mifupa, yaani kiasi ambacho kila nukta inafuata mfupa fulani, kutoka kwenye gauni hadi kwenye mshipi, kisha kusahihisha kwa mkono pale kwenye fundo.

Halafu kuna ramani mbili za meshi. Ya kwanza, uv_0, inaonyesha picha ya kitambaa ikae wapi. Ya pili, uv_1, inauambia mchezo nguo itatanuka vipi mwili unaponenepa, unapokonda au unapobeba mimba. Anayeanza huishughulikia ya kwanza na kuisahau ya pili. Nguo inaonekana safi kwa mhusika mwembamba, lakini ukimnenepesha inapasuka kiunoni na ngozi inaonekana. Baada ya hapo zinatakiwa ngazi nne za meshi, kuanzia 0 ya karibu hadi 3 ya mbali, kila moja nyepesi kuliko iliyotangulia, pamoja na picha ya kitambaa ya piseli 1024 kwa 2048, ramani ya mikunjo, ramani ya mng'ao na kivuli. Kisha majaribio: akae, acheze ngoma, akimbie, abebe mtoto. Kazi hiyo haiishi kwa jioni moja. Anayesema "ni nguo tu, kwa nini alipwe" hajawahi kuuketisha mshipi wa gomesi.

Kwa hiyo haki ya mtengenezaji kupata kitu ninaikubali bila kusita. Shaka yangu ni juu ya aina ya malipo. Nguo ni kazi ya mara moja, na ikitengenezwa vizuri inaweza kuvaliwa miaka bila kuguswa tena. Modi za skripti, zile zinazobadilisha mwenendo wa mchezo, ndizo huharibika karibu kila sasisho kubwa. Sasisho la Machi 2023 lililoleta watoto wachanga liliwarudisha waandishi wengi wa skripti kwenye msimbo wao. Hao kazi yao ni ya kila mwezi kweli, na mchango wa kila mwezi unalingana nayo. MC Command Center, ambayo ni miongoni mwa modi zinazotumiwa zaidi, imefuata njia hiyo: wachangiaji hupata toleo la majaribio mapema, na toleo kamili ni bure kwa wote. Haikuhitaji kufungwa ili idumu.

Anayefungia nguo kwa malipo ya kila mwezi analazimika kutoa vitu vipya kila mwezi ili wachangiaji wasiondoke, na haraka hiyo inaonekana ndani ya faili. Ngazi zote nne za meshi zinakuwa nakala ya ngazi 0, kwa sababu kupunguza kunachukua muda na hakuonekani kwenye picha ya tangazo. Nywele moja inakuja na meshi ya pembetatu makumi ya elfu. Mwenye kompyuta kubwa hahisi kitu. Mwenye laptopu ya mtumba isiyo na kadi ya picha, aliyeinunua kwenye maduka ya katikati ya Kampala, anaona wahusika wanane karamuni na mchezo unagota. Wengine huenda mbali zaidi, wanachomoa meshi kutoka michezo mingine na kuiuza kama yao. Faili iliyofungwa huchelewa kukaguliwa, kwa kuwa anayeifungua ni yule aliyekwisha kulipa.

Lakini hasara kubwa, ambayo haizungumzwi vya kutosha, ni ile inayompata anayejifunza. Karibu kila mtengenezaji huanza kwa kubadili rangi: anachukua sofa au gauni la mwingine, anatoa picha ya kitambaa, anaweka ya kwake, na kuihifadhi kama faili ndogo inayotegemea meshi ya awali. Jioni moja inatosha. Kitambaa cha gome, kile cha lubugo, kinaweza kuingia kwenye zulia la mchezo kwa njia hiyo na mtu asijue hata kufungua Blender. Sasa meshi ikifungwa, faili hiyo ndogo haina maana kwa asiyelipa. Ukiambatanisha meshi, umeiba. Basi ngazi ya kwanza kabisa imeng'olewa, na anayeumia si mwenye ujuzi, ni mtoto wa sekondari aliyetaka kuanza.

Kusaidiana nako kunakatika. Mchezo ukigoma kwa sababu ya modi, njia ya kuaminika ni ya nusu kwa nusu. Unaitoa nusu ya faili kwenye folda ya Mods, unafuta localthumbcache.package, faili ya kumbukumbu za muda za mchezo, unawasha mchezo. Mchezo ukipona, mkosaji yuko kwenye nusu uliyoitoa. Usipopona, yuko kwenye nusu iliyobaki. Unaendelea kugawa. Faili 400 zinahitaji takriban mizunguko tisa. Jirani mwenye uzoefu anaweza kukufupishia kazi kwa kuijaribu faili unayoishuku kwenye mchezo wake, ila kama ni ya kulipia huna ruhusa ya kumpa, naye halipi ili akusaidie. Mkosaji anabaki kwenye folda za watu.

Watetezi wa kufunga wana hoja moja nzito: wizi. Faili inafungwa leo, kesho iko kwenye tovuti za wanaosambaza nakala au kwenye makundi ya Telegram, na mtengenezaji anahisi ametukanwa. Ni kweli, na inauma. Ila kufuli ndiyo inayozipa tovuti hizo wateja, na wateja hao huhatarisha kompyuta zao. Mwanzoni mwa 2024 modi za skripti za The Sims 4 zilikutwa zimetiwa programu hasidi, na Juni 2023 wachezaji wa Minecraft walipatwa na Fractureiser, programu hasidi nyingine iliyojipenyeza kwenye modi. Matukio yote mawili yalitokea kwenye majukwaa ya wazi, kwa hiyo nisidanganye kwamba uwazi ni kinga kamili. Tofauti ni kwamba kwenye uwazi watu wa kujitolea walizichambua programu hizo na kuzitangaza ndani ya muda mfupi. Nakala iliyopitishwa kwa siri haina anayeitangazia hatari. Kwa vyovyote, shika hili: nguo, nywele na samani huja kama faili ya .package. Ukipakua gauni likaja na .exe, futa. Likija na .ts4script, jiulize gauni linahitaji skripti ya nini.

Jambo hili lina historia ya kutosha. Aprili 23, 2015, Valve, wenye duka la michezo la Steam, na Bethesda, wenye mchezo wa Skyrim, waliruhusu modi za Skyrim ziuzwe kwenye Steam. Katika kila mauzo mtengenezaji alipata asilimia 25, Valve 30, na Bethesda 45. Modi moja ya uvuvi iliondolewa upesi kwa sababu ilitegemea kazi ya mtu mwingine ambaye hakuwa ameridhia iuzwe. Siku nne baada ya kuanza, mpango mzima ulifutwa na wanunuzi wakarudishiwa pesa. Wengi hukumbuka hasira za wachezaji. Mimi naikumbuka ile modi ya uvuvi, kwa sababu ndiyo inaonyesha kiini. Modi chache sana zinasimama peke yake. Ukiweka bei kwenye tofali la juu, wa chini naye ana haki ya kuuliza fungu lake, na hakuna anayejua matofali ni mangapi.

Tukirudi Uganda, ukuta unakuwa mrefu kuliko bei inayoandikwa. Patreon inategemea kadi za benki na PayPal, wakati pesa ya kijana iko kwenye simu, MTN au Airtel. Data anayopakulia inabeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Facebook ilipofungwa Januari 2021, makundi yaliyokuwa huko yakahitaji VPN. Mtu huyu hata akiwa na nia ya kulipa, njia ni nyembamba. Anaishia kwenye nakala za wizi kwa kukosa mlango, si kwa kukosa adabu.

Na hapa kuna jambo ambalo watetezi wa malipo ya kila mwezi hawalijibu. Wanasema bila malipo, vitu vyetu havitatengenezwa. Tuangalie malipo yanaelekea wapi: yanafuata wengi. Anayeishi kwa michango ya watu 800 walioko Marekani na Ulaya atatoa suruali za jinzi na majiko ya kisasa, kwa kuwa ndizo zinazowabakiza. Gomesi na kanzu ya kufumwa shingoni zina watu wachache wanaozihitaji sana, na usajili haujui kupima "sana". Hata aina za kutosha za ngozi nyeusi zilisubiri hadi Desemba 2020 ndipo EA ikaongeza rangi zaidi ya 100 za ngozi. Kwa miaka sita waliojaza pengo hilo walikuwa mashabiki, na wengi walitoa bure.

Mtindo unaofaa tayari tunao, tunautumia kwenye harusi. Watu hukaa kikao, bajeti inatajwa, kila mmoja anaahidi, pesa inakusanywa kwa simu, na siku ikifika wote wanakula, aliyetoa na asiyetoa. Mtengenezaji anaweza kutangaza: gomesi yenye rangi 12, ngazi nne, imejaribiwa kwenye miili yote, lengo ni shilingi 200,000. Watu kumi wa shilingi 20,000, mara moja, kwa Mobile Money. Akitoa pesa anakatwa kodi ya asilimia 0.5, ambayo ni shilingi 1,000, pamoja na ada ya mtandao. Wachangiaji wanaipata wiki tatu mbele, na tarehe ya kufunguliwa imeandikwa kwenye jina lenyewe la faili, ili hata ikivuja kila mtu ajue itakuwa halali lini. Huo ni mchango, na faili inawafikia wote bure, kwa hiyo unakaa ndani ya kanuni za EA. Meshi inatolewa na ruhusa ya wazi ya kubadili rangi, kwa sharti kwamba faili mpya iutaje msingi wake na isiufunge.

Njia hii nayo ina udhaifu. Asiyejulikana hatachangiwa, kwa hiyo kazi yake ya kwanza itabidi aitoe bure. Na lengo lisipofikiwa, pesa zirudishwe siku ileile, kwa namba zilezile zilikotoka.